Homa imekwisha, mbona bado nahema?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Siku 18 zilizopita niliugua: homa, mwili kuuma, kikohozi. Nilipimwa nikakutwa na UVIKO-19, nikaambiwa nijitunze nyumbani. Homa ilikata siku ya sita, na hamu ya kula imerudi. Kikohozi bado kipo kidogo. Tatizo ni pumzi. Nikioga, nahema. Nikipanda ngazi, lazima nikae katikati. Nikiongea na simu kidogo tu, sauti inakatika. Usiku nashtuka nikihisi hewa haitoshi, moyo unakwenda mbio, midomo na vidole vinachomachoma kama vimekufa ganzi. Nakimbilia dirishani kuvuta pumzi ndefu, lakini kadiri ninavyovuta ndivyo ninavyobanwa. Cha kushangaza, kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kinaonyesha 97 au 98. Sina pumu, sivuti sigara, nina presha ninayotumia dawa. Shemeji yangu anasema mapafu yameungua. Jirani ananiambia nijifukize asubuhi na jioni. Mwingine ameniletea vidonge vya deksamethazoni, anasema ndivyo vilivyomponya. Je, mapafu yangu yameharibika? Na nifanye nini hapa nyumbani?"

Pole sana, dada, na ahsante kwa kueleza kwa undani namna hii. Umeuliza maswali mawili, ila ndani yake nimesikia la tatu: inawezekanaje kifaa kiseme 97 na mimi naona kama nakata roho? Nitaanza na hilo, kwa sababu ukishalielewa, mengi ya kufanya nyumbani utayaona mwenyewe.

Lakini kwanza jiangalie hapo ulipo. Kama umekaa tu, hujainuka wala kutembea, na bado huwezi kumaliza sentensi moja bila kukatiza uvute pumzi. Kama midomo au ulimi umegeuka rangi ya kijivu au bluu. Kama kifua kinauma kana kwamba kimekandamizwa. Kama unakohoa damu, umezimia, au watu wa nyumbani wanasema unaongea mambo yasiyoeleweka, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kuche. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, tuendelee.

Watu wengi hudhani kuhema maana yake ni oksijeni kupungua, basi. Mwili haufanyi kazi hivyo. Kituo kinachoongoza pumzi kipo kwenye shina la ubongo, na kinachokifuatilia kwa karibu zaidi si oksijeni bali hewa ukaa, ile tunayoitoa. Vihisi vya oksijeni vipo pia, kwenye mishipa mikubwa ya damu shingoni, ila vyenyewe hushtuka kwa nguvu pale oksijeni ikishashuka sana. Juu ya hapo, ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye misuli ya kifua na kwenye njia za hewa zenyewe: nimeagiza nguvu kiasi hiki, je, kifua kimefunguka kiasi gani? Nguvu ikiwa kubwa na matokeo madogo, ubongo unaamua kwamba hewa haitoshi. Unachokihisi hapo ni kitu halisi, hujakitunga, hata kama damu yako imejaa oksijeni.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2020 madaktari walishangaa kupokea wagonjwa wa UVIKO-19 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka vibaya, na wao wamekaa kitandani wanaongea na simu bila shida. Kwa hiyo hisia ni jambo moja na namba ni jambo jingine. Zote mbili ziangaliwe, na hakuna inayoifuta nyingine.

Sasa hesabu kidogo, univumilie. Mtu mzima aliyetulia huvuta karibu nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, yaani mililita 500, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika hizo 500, karibu 150 huishia njiani: puani, kooni, kwenye mirija mikubwa, mahali ambapo oksijeni haina namna ya kuingia kwenye damu. Zinazofika kwenye vifuko vya mapafu ni 350. Akivuta mara 12, vifuko vinapata lita 4.2 kwa dakika. Chukua sasa mtu anayehema kwa pumzi fupi za mililita 250, mara 24 kwa dakika. Jumla ya hewa iliyopita puani ni ile ile, lita 6. Lakini zile 150 za njiani hazipungui hata kidogo, kwa hiyo katika kila pumzi zinazofika ndani ni 100 tu. Mara 24, ni lita 2.4. Amehangaika mara mbili, amepata zaidi kidogo ya nusu ya mwenzake.

Kuna na jingine. Anayehema haraka hana muda wa kutoa. Anavuta nyingine kabla ile ya kwanza haijatoka yote, hewa iliyotumika inabaki kifuani, mapafu yanakaa yametuna, na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinasukumwa chini kikawa bapa. Msuli uliokwisha kushuka hadi mwisho hauna tena nafasi ya kushuka. Ndipo misuli ya shingo na mabega inapoitwa kusaidia, nayo haikuumbiwa kazi hiyo ya kutwa nzima. Nakisia jioni shingo na mgongo wa juu vinakuuma, ingawa hukuandika. Na hiyo ndiyo sababu ulipokimbilia dirishani ukavuta, ukavuta tena, ulizidi kubanwa: ulikuwa unamimina maji kwenye mtungi uliojaa.

Basi pumzi ikikata, kazi yako ya kwanza ni kutoa. Kuvuta kutakuja kwenyewe.

Ule mchomo wa midomo na vidole nao una maelezo. Ukivuta na kutoa pumzi ndefu kwa haraka, kama ulivyofanya dirishani, huku umekaa au umelala, unaitoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa ukaa ikipungua mno kwenye damu, mishipa ya kichwani inasinyaa kidogo, unapata kizunguzungu. Neva za vidole na za kuzunguka mdomo zinashtuka, unahisi kuchomwachomwa. Moyo unaongeza kasi, hofu inapanda, na hofu inaongeza kasi ya pumzi. Sisemi kwamba "ni wasiwasi tu". Sentensi hiyo imewarudisha nyumbani wagonjwa wengi ambao hawakupaswa kurudishwa. Chanzo ni ugonjwa uliokupata; hofu imekuja baadaye ikakaa juu yake. Na kama kuna atakayekushauri kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kataa. Hilo linapunguza oksijeni, na kama chanzo kingekuwa nimonia au donge la damu kwenye mapafu, lingekuweka hatarini.

Lakini kwa nini mwili uliozoea kupanda ngazi hizo hizo kila siku ushindwe leo? Virusi hukwangua utando wa ndani wa njia za hewa, na utando huo huchukua wiki kadhaa kujijenga upya. Wakati huo njia zinakuwa nyepesi kukasirika: hewa ya baridi, moshi, manukato, hata kucheka, vinaamsha kikohozi na kubana. Kikohozi cha baada ya virusi kinaweza kuendelea wiki 3 hadi 8 bila virusi kuwepo tena. Pili, umelala siku nyingi. Misuli ya miguu hupungua nguvu haraka mno mtu akilala, na msuli dhaifu hutumia oksijeni vibaya, hivyo moyo na mapafu vinalazimika kufanya kazi zaidi kwa safari ile ile. Tatu, kuna mazoea. Siku za homa na kikohozi ulijifunza kupumua kwa juu juu kwa sababu pumzi ya ndani ilikuwa inaamsha kikohozi. Homa ilikata, mazoea yakabaki.

Kuhusu kuoga, kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Misuli ya mabega niliyoitaja ndiyo hiyo hiyo unayoitumia kuinua mikono. Ukiinua mikono kuosha nywele, kujisugua mgongo, au kuanika nguo, unaiondoa misuli hiyo kwenye kazi ya kusaidia pumzi. Ongeza mvuke wa maji ya moto na kuinama kuosha miguu, ambako tumbo linasukuma kiwambo juu. Kwa mtu anayepata nafuu, kuoga ni zoezi zito kuliko kutembea sebuleni. Kwa hiyo oga umekaa kwenye kigoda au kiti kisichoteleza. Maji yawe vuguvugu, mlango au dirisha liwe wazi kidogo. Nywele zioshe siku nyingine, si siku ile ile. Ukimaliza, jifunike taulo kubwa au kanga ukae, maji yajikaukie yenyewe. Hakuna sheria inayosema lazima ujisugue hadi ukauke.

Sasa namna yenyewe ya kupumua. Jifunze ukiwa umetulia, mchana, siyo usiku ukiwa umeshtuka. Kaa, egemea mbele kidogo, viwiko vikae juu ya mapaja au juu ya meza yenye mto. Mkao huu una sababu: mikono ikishapata pa kuegemea, misuli ya mabega inakuwa huru kuinua mbavu, na tumbo likining'inia mbele, kiwambo kinapata nafasi. Ukiwa umesimama nje, egemea ukuta kwa mgongo, miguu ikiwa mbele kidogo, au shika kitu kilicho usawa wa kiuno. Legeza mabega. Vuta kwa pua, taratibu, pumzi ya kawaida tu, usijaze kifua. Kisha toa kwa mdomo ukiwa umeikunja midomo kama mtu anayepuliza chai, polepole, kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kuvuta. Usisukume hadi mwisho wa nguvu, iache hewa itoke. Midomo iliyokunjwa inabakiza shinikizo dogo ndani ya mirija isijifunge mapema, ndiyo maana hewa iliyokwama inapata njia. Pumzi mbili tatu za mwanzo zitakuwa mbaya. Usihesabu hizo. Endelea hadi uone mabega yameshuka yenyewe.

Kwenye ngazi na kila panapohitaji nguvu, toa pumzi wakati wa kazi, vuta wakati wa kupumzika. Unainuka kitini: vuta ukiwa umekaa, toa unapoinuka. Unapanda: vuta ukiwa umesimama, toa huku ukipanda ngazi moja au mbili, simama. Watu wengi hufanya kinyume, wanabana pumzi wanapoinua kitu, kisha wanashangaa kwa nini wametweta. Na simama kabla hujalazimika kusimama. Ukingoja hadi pumzi iishe, itakuchukua dakika nyingi kurudi; ukipumzika mapema, nusu dakika inatosha.

Hewa inayopuliza usoni husaidia kweli, na hii si imani tu. Mashavu na eneo la pua lina neva ambazo zikipoozwa hupeleka ubongoni taarifa inayopunguza hisia ya kukosa hewa, hata kama oksijeni haikubadilika. Kipepeo cha mkononi au feni ndogo, sentimita chache kutoka usoni, ikilenga pua na mdomo wa juu, ifanye kazi hiyo. Siku za mwanzo za ugonjwa, mtu akiwa bado anaambukiza, feni hatuipendi kwa sababu inasambaza virusi chumbani. Wakati huo kitambaa kilicholowa maji ya baridi kinatosha. Wewe uko siku ya 18, tumia feni. Na dirishani kaa tu, siyo kwa kuvuta kwa pupa, bali kwa ajili ya upepo wa usoni.

Usiku, panga mito: lala ubavu, mito inyanyue kifua, shingo na kichwa kwa pamoja, siyo kichwa peke yake, magoti yakunjwe kidogo. Ukishtuka, usikimbie. Kaa pembeni mwa kitanda, miguu sakafuni, egemea mbele, toa. Hapa nina angalizo, kwa sababu una presha. Kushtuka kwako kunakoendana na vidole kuchomachoma kunafanana zaidi na kupumua kupita kiasi. Lakini mtu anayeshindwa kabisa kulala chali, anayeongeza mto kila usiku, au ambaye vifundo vya miguu vinavimba, huyo moyo wake uchunguzwe haraka. Siwezi kulitenganisha hilo kwa barua.

Kuhusu kujiongezea nguvu, nitakwenda kinyume na wale wanaokuambia "jikaze, tembea, utazoea". Kupumzika kitandani kutwa kunakudhoofisha, hilo ni kweli, na kunaleta hatari ya damu kuganda miguuni. Lakini baada ya virusi wapo watu ambao wakijikaza leo, kesho au keshokutwa wanaanguka: uchovu mzito, mwili kuuma, kichwa kuwa kizito, na hali hiyo inaweza kukaa siku kadhaa. Ukiona hivyo kwako, usiongeze. Punguza hadi kiwango ambacho hakikuangushi, ukae hapo kwanza. Kama huoni hivyo, ongeza kidogo kidogo. Kipimo chepesi ni hiki: katika kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutohema kabisa na 10 ni mwisho wa uvumilivu, kaa karibu na 3. Uweze kuongea sentensi nzima ukiwa unatembea. Kazi nzito za siku zigawe, usizipange zote asubuhi kwa sababu umeamka na nafuu. Huo ndio mtego unaowanasa wengi.

Kifaa cha kidoleni. Kinasaidia, ila kinatumiwa vibaya. Pima ukiwa umekaa kwa dakika 5, mkono uwe na joto, kidole kisiwe na rangi ya kucha wala hina nyeusi, subiri namba itulie karibu dakika nzima. Mara tatu kwa siku inatosha. Anayepima kila robo saa anajipa ugonjwa mwingine. Ukiwa umetulia, 95 na kuendelea ni salama kwa wengi. Ikiwa 93 au 94 na ikabaki hapo baada ya kurudia, muone daktari siku hiyo hiyo. 92 au chini yake, nenda hospitali bila kujadili.

Ila kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua. Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwa ngozi nyeusi huwa kinaelekea kusoma juu kuliko ukweli. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Katika wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa karibu 12 kati ya kila wagonjwa 100 weusi, na karibu 4 kati ya 100 kwa weupe. Februari 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikatoa tahadhari kuhusu vifaa hivi. Hii haina maana utupe kifaa chako, na 97 yako inanipa faraja. Maana yake ni kwamba uangalie mwelekeo kuliko namba moja: kama kawaida yako ni 98 na kwa siku mbili imekuwa 94, hiyo ni habari. Pima pia kabla na mara baada ya kutembea kidogo ndani ya nyumba. Ikishuka kwa alama 3 au zaidi, hiyo si ya kungojea nyumbani. Na mwambie mtu akuhesabie pumzi kwa dakika nzima bila kukuambia anaanza lini, maana ukijua unahesabiwa unabadilisha pumzi. Zikizidi 24 ukiwa umetulia, nenda ukaonwe.

Sasa dawa za majirani. Deksamethazoni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayonitia hofu. Sifa yake ilianzia kwenye utafiti wa RECOVERY uliofanyika Uingereza mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 6,000 wa hospitalini, miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilishuka kutoka karibu 41 hadi 29 kwa kila 100. Ni mafanikio makubwa. Lakini miongoni mwa ambao hawakuhitaji oksijeni, waliopewa dawa walikufa karibu 18 kwa kila 100, na wasiopewa 14. Tofauti hiyo ya mwisho inaweza kuwa ya bahati tu, ila faida hakuna. Wewe huhitaji oksijeni. Dawa hiyo kwako inapandisha presha na sukari, inakunyima usingizi, inapunguza kinga, na hukufanya ujisikie mwepesi kwa siku chache, jambo linalowadanganya wengi. Usivimeze.

Antibiotiki haziui virusi. Zina kazi pale tu daktari anapoona dalili kwamba bakteria wamefuatia. Kujifukiza hakufikishi chochote kwenye vifuko vya mapafu. Kunalegeza makamasi ya puani, na ubaya wake mkubwa ni watu kuungua maji ya moto. Mtungi wa oksijeni wa kuazima bila vipimo ni gharama na hatari ya moto, tena kwa oksijeni ya 97 hauongezi kitu. Dawa ya kuvuta ya pumu inaweza kufaa kama njia zako za hewa zinabana na kutoa sauti ya filimbi, lakini hiyo aiamue aliyekusikiliza kifua.

Je, mapafu yameharibika? Kwa ulivyonieleza, nadhani hapana. Wengi waliougua nyumbani bila kuhitaji oksijeni hawabaki na makovu kwenye mapafu, na pumzi hurudi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, siku mbaya zikichanganyika na nzuri. Wapo ambao huchukua miezi. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya Oktoba 2021, huihesabu hali ya baada ya UVIKO-19 kwa kawaida miezi 3 tangu kuugua, dalili zikiwa zimedumu angalau miezi 2. Uko mbali na hapo, na mwelekeo wako ndio utakaosema zaidi kuliko hofu ya shemeji.

Hata hivyo ningependa uonwe ana kwa ana ndani ya wiki hii, hata ukiendelea vizuri. Una presha, na umekohoa zaidi ya wiki mbili. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, popote kilipoanzia, kinastahili kipimo cha kifua kikuu, hata kama virusi vilishaonekana. Upungufu wa damu huleta kuhema kule kule kwa ngazi, na kwa mwanamke wa umri wako ni jambo la kawaida ambalo kipimo rahisi cha damu huliweka wazi. Virusi vinaweza kuugusa msuli wa moyo. Na dawa ya presha hukuitaja jina: zile za kundi la enalaprili na lisinoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu, na zile za kundi la propranololi zinaweza kubana njia za hewa. Usiache dawa yako mwenyewe, ila uliza.

Yapo mambo mawili ambayo hayangoji miadi. La kwanza ni kuhema kulikokuja ghafla, tofauti na kulivyokuwa jana, hasa kukiwa na maumivu makali upande mmoja ukivuta pumzi, au mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti. Hilo linaweza kuwa donge la damu. La pili ni homa kurudi baada ya kukata, na makohozi ya njano au ya rangi ya kutu. Hiyo inafanana na nimonia ya bakteria iliyokuja baadaye. Yote mawili ni siku hiyo hiyo, kifaa cha kidoleni kisome kinavyotaka.

Siku ya kwenda, beba dawa zako zote kwenye mfuko, na karatasi yenye namba zako za oksijeni, mapigo ya moyo, na kazi uliyokuwa ukifanya ulipopima. Mwambie daktari wiki iliyopita ulikuwa unaweza ngazi ngapi na sasa ngapi. Maneno "nachoka tu" hayamsaidii. Mwombe akusikilize kifua, apime presha na wingi wa damu, na muulize kama moyo wako unahitaji kipimo na kama eksirei inahitajika. Kama umekwisha kumeza vile vidonge vya deksamethazoni, hata kimoja, taja ni vingapi na kwa siku ngapi, na umwache yeye aseme namna ya kuviacha.